Siku saba kufuata gumba: wapiga gitaa wa kukodi kutoka New Orleans hadi Kentucky

Santuri za mwanzo za rock na country hazikuwa na nafasi ya majina ya wapigaji. Lebo ilibeba jina la mwimbaji, la mtunzi na la kampuni, basi. Aliyepiga gitaa alilipwa ujira wa saa tatu, akafungasha vyombo, akaenda studio nyingine. Ukitaka kumjua, msikilize alichofanya. Na sehemu kubwa ya alichofanya iko chini, kwenye nyuzi nene, pale msikilizaji anapodhani anasikia besi.

Njia yetu inafuata sauti hiyo ya chini kwa gari, kilomita 1,700 hivi. Inaanzia New Orleans, inapita Shreveport, Memphis, Muscle Shoals na Nashville, na kuishia kwenye mashimo ya zamani ya makaa ya mawe magharibi mwa Kentucky. Vya kubeba ni vichache: gitaa kavu, seti mbili za nyuzi, piki ya gumba (kidude cha plastiki kinachovaliwa kwenye gumba ili kuchapia nyuzi), na visikizio vizuri. Spika ya simu haifai kabisa, na sababu yake inaonekana siku ya kwanza tu.

Siku ya 1: New Orleans

Mtaa wa North Rampart, namba 838 hadi 840, pembezoni mwa French Quarter. Hapa Cosimo Matassa aliendesha studio ya J&M nyuma ya duka la familia. Kwa miaka mingi jengo limekuwa mahali pa kufulia nguo, lakini herufi za J&M bado ziko sakafuni mlangoni. Dakika 20 zinatosha kulitazama. Kusikiliza ndiko kunakochukua asubuhi nzima.

Anza na Fats Domino, "The Fat Man", Desemba 1949, gitaa la Ernest McLean. Kisha Little Richard, "Tutti Frutti", Septemba 1955, gitaa la Justin Adams. Mara ya kwanza hutalisikia gitaa. Halina solo, wala halicharazi juu juu. Linapiga mstari uleule wa besi ya kusimama (ile kubwa ya mbao inayosimamishwa wima), mara nyingi saksafoni ikiufuata.

Sababu yake ni ya kiufundi. Uzi mnene wa besi ya kusimama unatetema mara 41 kwa sekunde, na redio ndogo za wakati ule hazikuweza kuitoa sauti hiyo. Uzi mnene wa gitaa uko oktava moja juu, mara 82, na piki inaupa ncha kali mwanzoni mwa kila noti. Ukiviunganisha, sikio linaifuata ncha ya gitaa na kujazia besi lenyewe. Kwa hiyo ukisikiliza kwa spika ya simu unasikia gitaa ukidhani ni besi. Kwa visikizio unavisikia vyote viwili, pamoja na pale vinapopishana kidogo.

Kupishana huko ndiko kunakoharibu ukijaribu mwenyewe. Gitaa likitangulia besi hata kidogo, wimbo unakimbia, likichelewa, unazama. Na hapakuwa na kurekebisha baadaye. Maikrofoni zilikuwa chache, wote wakipiga pamoja, na gitaa likizidi, mpigaji alisogezwa nyuma hatua moja.

Siku ya 2: Shreveport, kilomita 530

Barabara ya 10 hadi Lafayette, kisha ya 49 kwenda kaskazini. Saa tano za mashamba na vinamasi. Kituo ni Municipal Auditorium, ukumbi wa matofali uliorusha kipindi cha Louisiana Hayride kupitia redio KWKH kuanzia 1948. Mbele ya ukumbi kuna sanamu ya Elvis Presley na ya James Burton, na ni nadra sana mpiga gitaa wa kukodi kuchongewa sanamu.

Burton alikuwa na miaka 17 aliporekodi "Susie Q" ya Dale Hawkins mwaka 1957, katika studio ya KWKH. Kile kipande cha gitaa kinachorudiarudia ndicho wimbo wenyewe. Ukikiondoa, hakibaki kitu. Jina lake halimo miongoni mwa watunzi.

Kwa nini anavuta nyuzi kirahisi vile? Seti za gitaa za enzi zile zilikuwa nene, na uzi wa tatu ulikuwa wa kuzungushiwa waya, mgumu kama kamba ya kufungia mzigo. Burton alitia nyuzi za banjo kwenye zile nne nyembamba na kuziacha mbili nene zilivyo. Anayetaka kuiga ajue mambo matatu. Kwanza, uzi wa banjo mwishoni una kitanzi, hauna kile kipete cha shaba, kwa hiyo utapita moja kwa moja kwenye tundu la Telecaster, gitaa la umeme la kampuni ya Fender. Kata kipete cha uzi mzee, kipitishe kwenye kitanzi, ndipo utashika. Pili, mifereji ya kile kijifupa cha juu ya shingo ilichongwa kwa nyuzi nene. Uzi mwembamba utacheza ndani yake na kulia kama nzi. Tatu, mvuto wa nyuzi umepungua, shingo inanyooka kupita kiasi na freti (vipande vya chuma vinavyokatiza shingo) za mwanzo zinaguna. Legeza fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo robo mzunguko, subiri, kisha sikiliza tena.

Mkono wake wa kulia ni mchanganyiko: piki ya kawaida kati ya gumba na kidole cha shahada, na piki ya kidole kwenye cha kati. Piki inashughulika na chini, kidole cha kati kinadonoa juu.

Siku ya 3: Memphis, kilomita 560

Ondoka alfajiri. Unapitia Texarkana na Little Rock, unavuka Mississippi, na alasiri uko namba 706, Union Avenue. Sam Phillips alifungua hapa Memphis Recording Service mnamo Januari 1950. Jina la Sun, la lebo yake, likaja baadaye. Wageni hutembezwa kwa makundi, na chumba ni kidogo kuliko watu wanavyotarajia.

Cha kwanza kusikiliza hapa ni "Rocket 88", Machi 1951, bendi ya Ike Turner ikiwa na Jackie Brenston mbele. Gitaa ni la Willie Kizart, na kazi yake ni ileile ya New Orleans: mstari wa besi. Ila linakwaruza. Amplifaya yake iliumia njiani wakitoka Clarksdale na karatasi ya spika ikachanika. Fundi gani angekuwepo saa ile? Phillips aliisokomeza karatasi mle ndani ili kipande kilichochanika kisipigepige ovyo, akaiweka sauti hiyo mbele badala ya kuificha. Karatasi iliyochanika haiwezi kwenda na kurudi sawasawa, kilele cha kila wimbi kinakatwa, na hapo ndipo ukwaruzaji unapozaliwa. Kwenye noti za chini unapendeza. Ukipiga kodi nzima, yaani noti kadhaa kwa pamoja, kwa spika ya namna ile, unapata makelele matupu, na Kizart hakupiga kodi.

Halafu Julai 5, 1954: Elvis Presley, Scotty Moore, Bill Black, "That's All Right". Hakuna dramu. Black anachapa nyuzi za besi kwenye ubao ili zitoe mlio wa ngoma, Elvis anacharaza gitaa kavu, na Moore ana gitaa la umeme la Gibson ES-295 la rangi ya dhahabu. Watu watatu wajaze chumba. Moore alivaa piki ya gumba: gumba linatembea kwenye nyuzi nene, vidole vinadonoa juu. Ujuzi huo si wa Memphis. Aliuchukua kwa kuwasikiliza wapiga gitaa Merle Travis na Chet Atkins, na ndio unaotupeleka Kentucky.

Kuhusu ule mwangwi wa Sun, hesabu yake ni nyepesi. Phillips alikuwa na mashine mbili za utepe aina ya Ampex. Moja ilirekodi. Ya pili ilipokea sauti hiyohiyo, ikaiandika kwenye utepe wake, na kuisoma papo hapo kwa kichwa cha kusomea kilicho sentimita 5 hivi mbele ya kile cha kuandikia. Utepe unakwenda sentimita 38 kwa sekunde. Gawanya 5 kwa 38: sekunde 0.13. Hiyo ndiyo nafasi kati ya sauti na mwangwi wake, na mwangwi unarudi mara moja tu.

Ukiwa na kifaa cha kisasa, weka milisekunde 130, rudio moja, na ujazo wa mwangwi theluthi moja ya sauti halisi. Wengi huharibu kwa kuongeza marudio. Mara tatu tu na gumba linageuka uji. Kosa la pili ni kupiga noti nyingi. Mwangwi unakupigia noti ya ziada kati ya zako, kwa hiyo punguza zako.

Tatizo la Moore lilikuwa jukwaani, maana mashine za Phillips hazibebeki. Ray Butts wa Cairo, Illinois, alitengeneza amplifaya ya EchoSonic yenye kitanzi cha utepe ndani yake. Zilitengenezwa chache, hazikufika 70. Atkins alipata yake kabla ya Moore, na Moore alianza na yake mwaka 1955. Imo kwenye "Mystery Train".

Kabla ya kulala, msikilize Roland Janes, mpiga gitaa wa kila siku wa Sun, kwenye "Whole Lotta Shakin' Goin' On" ya Jerry Lee Lewis, 1957. Piano inafunika kila kitu, halafu inakuja solo yake, fupi, na amekwenda zake. Kisha "I Walk the Line", 1956: mlio unaofanana na ngoma ndogo ni karatasi iliyopitishwa kati ya nyuzi za gitaa la Johnny Cash. Ni jaribio la bure. Kunja karatasi ya daftari mara mbili, ipitishe juu-chini-juu-chini karibu na daraja (pale nyuzi zinapolalia mwili wa gitaa), kandamiza kodi, charaza. Ikiwa mbali na daraja, inaua noti yote.

Siku ya 4: Muscle Shoals, kilomita 240, kisha Nashville, kilomita 200

Barabara ya 72 kupitia Corinth. Siku ya kupita. Studio ya FAME iko East Avalon Avenue, na studio ya wapigaji waliojitenga nayo mwaka 1969 iko 3614 Jackson Highway, Sheffield. Umaarufu wa mji huu ni soul zaidi, na ni habari ya safari nyingine. Sikiliza tu "You Better Move On" ya Arthur Alexander, ambayo Rick Hall wa FAME aliirekodi hapa mwaka 1961, kabla jengo la sasa la FAME halijawepo. Endesha. Fika Nashville kabla ya magari ya jioni.

Siku ya 5: Nashville, barabara ya 16

Katika 804, 16th Avenue South, ndugu wawili Owen na Harold Bradley walinunua nyumba, na mwaka 1955 wakaongeza nyuma yake banda la bati la mviringo, lile la mtindo wa kijeshi. Likaitwa Quonset Hut. Mtaa wote wa muziki wa Nashville ulikua kuizunguka nyumba hiyo.

Ratiba ya siku iliwekwa na chama cha wanamuziki: kikao kimoja saa tatu, nyimbo nne. Vikao vilianza saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku. Kiongozi wa kikao alilipwa mara mbili. Grady Martin, Hank Garland, Harold Bradley na Ray Edenton waliweza kuingia vikao vyote vinne kwa siku moja, na kila wimbo wanausikia kwa mara ya kwanza pale pale.

Hapo ndipo namba zilipowaokoa. Neal Matthews wa kundi la waimbaji la Jordanaires alianza kuandika sauti kwa namba mwishoni mwa miaka ya 1950, na Charlie McCoy akaupeleka mtindo huo kwa wapigaji. Badala ya majina ya kodi unaandika nafasi yake kwenye ngazi ya sauti, namba moja kwa kila mzunguko wa mapigo:

1 1 4 1
5 4 1 1

Katika ki, yaani ngazi, ya A hiyo ni A, D na E. Mwimbaji ameamka na mafua, anataka kushuka hadi G? Karatasi haiguswi, sasa ni G, C na D. Kodi ya huzuni inawekewa kistari: 6-. Namba mbili zikipigiwa mstari chini, zinagawana mzunguko mmoja. Namba ndani ya umbo la almasi: piga mara moja, acha ilie. Mgeni hukosea anapofikiri kwanza jina la kodi na kisha namba; wimbo umeshapita. Jizoeze kuimba namba zenyewe.

Kile kitu cha New Orleans, gitaa kupiga mstari wa besi, kinarudi hapa kikiwa kimevaa suti. Waliita tic-tac. Bob Moore anapiga besi ya kusimama, na Harold Bradley ana Danelectro, gitaa la besi la nyuzi sita lililo oktava moja chini ya gitaa la kawaida. Anapiga mstari uleule kwa piki karibu na daraja, ubavu wa kiganja umelalia nyuzi. Sikiliza "I Fall to Pieces" na "Crazy" za Patsy Cline: ule mgongano mkavu mwanzoni mwa kila noti ya chini ndio Bradley. Kiganja kikisogea mbele sentimita mbili, noti inakufa na kubaki kishindo. Kikirudi nyuma mno, noti inalia ndefu na kuikanyaga besi.

Danelectro ya aina hiyohiyo, safari hii mikononi mwa Grady Martin, ndiyo iliyoharibikiwa kwenye "Don't Worry" ya Marty Robbins, iliyotoka 1961. Transfoma kwenye mstari mmoja wa meza ya kurekodia ilikuwa inakufa. Solo ya chini ikatoka kama nyuki ndani ya debe. Waliiacha hivyo. Fundi mitambo Glenn Snoddy baadaye alikaa akatengeneza kisanduku cha transista kinachofanya makusudi kile ambacho transfoma ilifanya kwa ugonjwa, na Gibson ikakitoa mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone.

Martin huyohuyo ndiye mwenye gitaa la nyuzi za nailoni kwenye "El Paso", 1959. Ukizisikiliza hizi mbili mfululizo bila kuambiwa, hutakubali kwamba ni mtu mmoja. Kwa maoni yetu yeye ndiye mkubwa wao wote, ingawa wengi watamtaja Garland, ambaye ajali ya gari ya Septemba 1961 ilimkatia kazi akiwa kileleni.

Siku ya 6: Nashville, Studio B

Studio B ya RCA ilijengwa 1957. Huingii moja kwa moja: tiketi ni za jumba la makumbusho la Country Music Hall of Fame, na basi linakuchukua kutoka huko. Ndani, tazama alama ya X sakafuni, mahali palipoonekana kufaa zaidi kwa mwimbaji kusimama.

Jambo la kulifanyia mazoezi leo ni gitaa la nyuzi za juu, ambalo Ray Edenton alisifika nalo. Nyuzi nne nene zinaondolewa na kuwekwa nyembamba za oktava ya juu, kama nusu ya gitaa la nyuzi 12. Vipimo kwa inchi kuanzia wa sita: 0.027, 0.018, 0.012, 0.009, kisha wa pili 0.014 na wa kwanza 0.010. Msikilizaji wa muziki wa dansi atakumbuka mi-solo, inavyoning'inia kati ya solo na ridhimu bila kugongana na yoyote. Uzi wa tatu sasa uko juu kuliko wa kwanza, na ndio unaokatika. Upandishe polepole, uso ukiwa mbali.

Kwenye makumbusho, tafuta Jimmie Rodgers, mmoja wa watatu wa kwanza kuingizwa mwaka 1961. Santuri zake zilifika mapema hadi nchi ya Wakipsigis, Kenya, na Hugh Tracey aliporekodi huko mwaka 1950 alikuta jina lake limekuwa Chemirocha, likiimbwa kwa kinubi cha kienyeji.

Siku ya 7: Muhlenberg, Kentucky, kilomita 150

Mwendo wa chini ya saa mbili kaskazini. Central City ina mnara wa ndugu waimbaji Everly Brothers, Ebenezer una kumbukumbu ya Merle Travis, na Drakesboro kuna chemchemi yenye majina manne: Merle Travis, Mose Rager, Ike Everly (baba wa Everly Brothers), Kennedy Jones. Rager na Everly walimfundisha Travis. Travis akapiga redio WLW ya Cincinnati. Kijana Chet Atkins, akiwa kwa baba yake Georgia, akamsikia bila kuiona mikono yake. Travis alitumia gumba na kidole cha shahada tu. Atkins alidhani hilo haliwezekani, akajifunza kwa gumba na vidole viwili, baadaye vitatu. Nusu ya magitaa ya Nashville imetokana na kosa hilo la kusikia.

Wa kwetu hatashangaa. Mwenda Jean Bosco alirekodi "Masanga" huko Katanga mwaka 1952 kwa vidole vilevile viwili, gumba na cha shahada.

Mazoezi, ukiwa umekaa kwenye benchi la chemchemi. Shika kodi ya C. Gumba: uzi wa 5, wa 4, wa 6, wa 4. Kwa ule wa 6, kidole cha pete kinahama kutoka freti ya tatu ya uzi wa 5 kwenda freti ya tatu ya uzi wa 6, kisha kinarudi. Ubavu wa kiganja ulalie daraja, uguse nyuzi tatu nene tu. Nyembamba ziachwe huru. Piga hivyo, gumba peke yake, mpaka uweze kuongea na mtu bila kupoteza mwendo. Ndipo uongeze cha shahada kwenye uzi wa kwanza, katikati ya pigo la pili na la tatu. Kinachotokea kwa karibu kila mtu: kidole kikipiga, gumba linasita au linapiga nacho kwa pamoja. Ukiona hivyo, ondoa kidole, rudi kwenye gumba.

Majina ya chemchemi ni manne, na la tano halipo. Kennedy Jones alijifunza kwa Arnold Shultz, mpiga gitaa mweusi wa Ohio County, kaunti jirani, mfanyakazi wa migodi aliyepiga dansi za vijijini. Bill Monroe, mwanzilishi wa muziki wa bluegrass, pia alipiga naye ujanani na alimtaja maisha yake yote. Shultz alifariki 1931 bila kurekodiwa hata wimbo mmoja. Kaburi lake liko Morgantown, mashariki ya hapa, na kwa anayerudi Nashville si mzunguko mkubwa.